Usiuache Ubao: Maneno kwa Anayeanza Kupanda Wimbi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Tumeichapa kama alivyoisema, kwa ombi la waliohudhuria. — Mhariri)



Nilipoletewa barua ya kunitaka nizungumze hapa, nilidhani natakiwa niseme juu ya kazi ya ubaharia, kwani ndiyo kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu. Kumbe chini ya barua palikuwa na mstari mmoja zaidi. Wanafunzi wenyewe wameomba waelezwe namna ya kujifunza mchezo ule wa kusimama juu ya ubao na kupanda wimbi. Wanauona kwenye simu, na wakienda Paje wanawaona wageni wakipita juu ya maji kama ndege. Nilicheka peke yangu. Kisha sikucheka tena, kwa sababu mchezo huo una hesabu yake na mimi, na hesabu hiyo sijailipa tangu mwaka 1979. Nitailipa leo mbele yenu, lakini kwanza nitoe mafunzo niliyoombwa.

Kwanza tuelewane juu ya jina la kitu. Wengi mnaowaona Paje wanavutwa na tiara kubwa yenye kamba, nao wanategemea upepo. Huo ni mchezo mwingine, una vyombo vya fedha nyingi, na haujifunzwi bila ya mwalimu. Mimi nasema juu ya ubao mtupu, mikono miwili na wimbi. Watu wa Hawaii waliufanya mchezo huu tangu zamani za kale, na mmoja wao, Duke Kahanamoku, aliyeshinda nishani ya dhahabu ya kuogelea mita 100 katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, ndiye aliyeutangaza sana duniani. Angalieni hapo: mpanda wimbi huyo maarufu alikuwa kwanza muogeleaji.

Msidhani pia kwamba huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Ulipoingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, mwanamume aliyeshinda alikuwa Ítalo Ferreira wa Brazil. Baba yake alikuwa mwuza samaki, na kijana huyo alianza kupanda mawimbi kwa kifuniko cha sanduku la kuhifadhia samaki. Basi asiniambie mtu hapa kwamba hana ubao. Sisi wenyewe, watoto wa pwani, tangu hapo tumekuwa tukilalia vipande vya mbao za vyombo vibovu na kuletwa na povu mpaka mchangani. Tulikuwa tukiucheza bila ya kuupa jina.

Sasa mafunzo. Nayapanga kama nilivyofundishwa, na sehemu kubwa nilifundishwa nikiwa mtu mzima. Mwaka 1998 meli yetu ilikaa matengenezoni Durban kiasi cha miezi miwili, na kijana mmoja wa ufukweni, umri wake nusu ya wangu, akanichukua kuwa mwanafunzi wake. Nilianguka mbele ya watoto wadogo, nikachekwa, nikarudi kesho yake. Somo la mwanzo kabisa ni hilo. Mwenye kuona haya kuanguka asiianze kazi hii.

Jambo la kwanza ni kujua kuogelea. Najua hapa nitawaudhi baadhi yenu, maana kila mtoto wa Mji Mkongwe aliyewahi kuchupa kutoka ukuta wa Forodhani anajihesabu kuwa muogeleaji. Kuchupa si kuogelea. Pale unachupa, unapiga mikono mara kumi, unashika ngazi. Muogeleaji ni yule anayeweza kukaa kwenye maji yenye kina kwa muda mrefu bila ya kushika kitu, akalala chali akapumzika, akaenda mwendo wa kutosha na akarudi bila ya kutweta. Kama huwezi hayo, anza na kuelea. Lala chali kwenye maji ya kifuani, mwenzako akikuwekea mkono mgongoni, pumua polepole, masikio ndani ya maji, kidevu juu. Huko Nungwi, tangu mwaka 2011, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha vijana kuogelea, wasichana wakiwa na mavazi ya kuwasitiri, na waliofundishwa wamekuwa walimu wa wenzao. Kwa hiyo wazazi wa kike na wa kiume msije mkanambia kwamba jambo hili haliwezekani kwa watoto wa kike. Limekwishafanyika.

Jambo la pili ni kuyajua maji yetu. Vitabu vya wageni vinasema juu ya fukwe zao. Bahari ya Unguja ina tabia yake. Upande wa Mji, magharibi, maji ni ya utulivu, tena kuna boti za abiria, majahazi na nanga. Hapo si mahali pa ubao. Mawimbi yako mashariki, kuanzia Matemwe mpaka Makunduchi, lakini hayafiki pwani yakiwa na nguvu zake, kwa sababu mwamba umekaa nje kama ukuta. Wimbi kubwa linavunjika mwambani, na ndani ya mwamba kuna maji ya kina kifupi. Ule mstari mweupe mnaouona mbali una sauti tamu, lakini chini yake kuna mawe makali, na maji yake si ya mwanafunzi. Mwanafunzi mahali pake ni ndani, kwenye mchanga, panapofika mabaki ya wimbi yaliyo chini ya kiuno chake.

Tena hapana budi ujue kuhesabu maji. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti huweza kufikia kiasi cha mita 4. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambayo mwendo wake ni mdogo. Anayeanza achague maji mafu, au saa za karibu na maji kujaa, na awe ametoka kabla maji hayajaanza kukimbia. Waulizeni wavuvi. Hakuna mvuvi atakayekunyima jibu ukimwamkia vizuri na kumwuliza.

Kwa nini nalitilia mkazo hilo? Kwa sababu maji yaliyopanda juu ya mwamba lazima yarudi yalikotoka, na hayarudi juu ya mwamba pote. Yanatafuta mlango, yaani pengo katika mwamba ambalo vyombo hupita. Wakati wa bamvua maji yakipwa, mlango huo huwa na mkondo ambao mtu hawezi kushindana nao. Kwa macho utaona mahali palipotulia, pasipo na povu, na mgeni husema hapa ndipo pazuri. Hapo ndipo pabaya.

Halafu pepo. Kaskazi huvuma kiasi cha Disemba mpaka Machi, na kusi huvuma kiasi cha Juni mpaka Septemba au Oktoba. Kusi ndiyo inayotuletea bahari nzito upande wa mashariki. Kipindi cha kati, pepo zinapobadilika, bahari huwa na upole zaidi, nacho ni kipindi kizuri kwa mwanafunzi siku isiyokuwa na mvua na radi.

Jambo la tatu ni adabu ya pwani. Tangu mwaka 1989 kina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilima mwani katika maji hayo hayo mnayotaka kuchezea. Vigingi na kamba zao huwa chini ya maji yanapojaa. Ukipita juu yake unajitia kigingi ubavuni, na tena unakata riziki ya mtu. Uliza mashamba yako wapi kabla hujaingia. Nyavu na madema vile vile. Na uvae nguo ya heshima unapopita mjini mwa watu. Ubao hautakuzuia kuvaa fulana.

Chini ya maji nako kuna wenyeji. Kuna wale weusi wenye miba mirefu, wanaokaa kwenye mawe na majani; vaa viatu vya maji. Kuna taa anayelala mchangani. Tembea kwa kuburuta miguu ili akusikie aondoke. Kuna samaki anayefanana na jiwe, ambaye miba yake ina sumu kali. Aliyechomwa na huyo au na taa atiwe mguu katika maji ya moto, kadiri anavyoweza kustahamili bila ya kuungua, na apelekwe hospitali bila ya kuchelewa.

Sasa tuushike ubao wenyewe. Ubao wa mwanafunzi uwe mrefu na mpana, futi 8 au 9, na juu yake uwe mlaini. Vijana hupenda ule mfupi wenye ncha wanaouona kwenye picha. Huo ni wa mtu aliyekwisha kujua. Ubao mrefu ni kama chombo kipana: ni mzito kuugeuza lakini haukupindui. Uwe na kamba ya kufunga kifundoni mwa mguu, nayo iangaliwe kila siku kama haijalika.

Siku ya kwanza usiingie majini mara moja. Uweke ubao mchangani, ulale kifudifudi katikati yake, na ujifunze kuinuka. Mikono chini ya mbavu, sukuma, lete miguu yote chini yako, mmoja mbele na mmoja nyuma, magoti yamekunjwa, macho mbele. Fanya hivyo mara 30. Anayetazama miguu yake ataanguka, kwani kichwa kinapokwenda na mwili hufuata.

Kisha ingia mpaka maji ya kiunoni. Wiki nzima ya mwanzo usisimame. Lala juu ya ubao, ngoja povu, lielekeze omo lako pwani, piga mikono, na liache likusukume. Ukilala mbele mno omo litazama na utapinduka. Ukilala nyuma mno tezi litakaa chini na wimbi litakupita. Omo linyanyuke kidogo tu juu ya maji. Waliowahi kupanda ngarawa wataona kwamba ni elimu ile ile: mzigo ukikaa vibaya, chombo hakiendi. Ukishajua kukaa, ndipo ujaribu kuinuka, na usiinuke mpaka usikie ubao umekwisha kuchukuliwa na wimbi.

Utaanguka. Basi jifunze kuanguka. Usitangulize kichwa, kwani maji yetu ni mafupi na chini pengine pana jiwe. Anguka kwa ubavu au kwa matako, mwili ukiwa bapa, na unapotoka chini tanguliza mikono juu ya kichwa, kwa sababu ubao wako unaweza kuwa unakungoja hapo. Unaporudi ndani usiuweke ubao kati yako na wimbi, utakupiga kifua. Na mkiwa wengi, wimbi moja ni la mtu mmoja, yule aliye karibu zaidi na pale linapoanzia kuvunjika. Wengine wangoje. Mawimbi hayajapata kwisha.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonileta. Ukichukuliwa na mkondo, usiuache ubao. Usigeuke ukaanza kuogelea kuelekea pwani, hata ukiiona karibu. Lala juu ya ubao, pumua, nyanyua mkono mmoja na kuutikisa ili uonekane. Ukiwa na nguvu, kata upande, sambamba na pwani, mpaka utoke katika mkondo. Ukiwa huna nguvu, elea. Mkondo hauzamishi mtu. Kinachozamisha ni kuchoka kwa kushindana nao. Na msiingie peke yenu, na aliyeingia na mwenzake atoke na mwenzake.

Haya ya mwisho sikuyapata Durban. Niliyapata Paje, mwezi wa Agosti 1979, likizoni, nikiwa Kidato cha Tatu katika skuli hii.

Mimi na mwenzangu mmoja wa darasani tulikwenda kwa gari la shamba kukaa kwa jamaa zangu. Tulikuwa tumeona picha katika gazeti moja, mtu amesimama juu ya wimbi, na mimi nikasema hilo jambo dogo. Nilikuwa bingwa wa Forodhani. Mwenzangu hakujua kuogelea, na alinambia wazi. Nikamjibu: "Ubao utakubeba, na mimi nipo." Tulichukua ubao wa mlango wa zamani uliokuwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa siku ya bamvua, kusi inavuma, saa moja asubuhi. Nyinyi niliokwisha kukufundisheni hesabu ya maji mnajua saa hiyo maji yalikuwa yanafanya nini. Mimi sikujua.

Hatukupata wimbi hata moja. Tulitahamaki tunakwenda nje, kuelekea mahali palipotulia, pasipo na povu. Tulikuwa tumeushika ubao sote wawili. Nilipoona watu wa pwani wamekuwa wadogo, niliuacha ubao nikaanza kuogelea kurudi. Baadaye niliwaambia watu kwamba nilikwenda kutafuta msaada. Haikuwa hivyo. Niliogopa, nikamwacha mtu asiyejua kuogelea juu ya kipande cha mlango.

Nilipiga mikono mpaka ikafa ganzi, na sikusogea. Mzee mmoja alikuwa akirudi na ngarawa yake kutoka kuvua usiku. Alimwona mwenzangu, kwa kuwa ubao unaonekana na kichwa cha mtu hakionekani. Alipompakia, mwenzangu hakusema "nipeleke nyumbani". Alisema, "Kuna mwenzangu kule." Akanyoosha kidole. Ndipo nilipookolewa, nikiwa nimekwisha kunywa maji mengi. Yule mzee hakutupiga wala hakupiga kelele. Alimtazama mwenzangu akasema, "Wewe umekaa na chombo chako." Mimi hakunambia neno.

Tulipofikishwa kwa wakubwa na kuulizwa nani aliyeanzisha jambo hili, nilisema ni yeye. Alichapwa na mzee wake, akakatazwa kusuhubiana nami, na mpaka tunamaliza skuli watu walimjua kuwa ndiye mtundu aliyetaka kuniua. Hakunikanusha. Mzee wake alifariki akiamini hivyo.

Mwenzangu huyo amekaa hapa leo, safu ya pili. Nilimwendea wiki iliyopita kumwomba ruhusa ya kuyasema haya. Alinijibu, "Yaseme, lakini usiyapambe." Basi sikuyapamba. Ndugu yangu, mbele ya walimu na wanafunzi wa skuli yetu, mimi ndiye niliyeanzisha, mimi ndiye niliyeuacha ubao, na wewe ndiye uliyeniokoa. Naomba radhi yako.

Wanangu, sisemi haya ili mwogope bahari. Sisi ni watu wa kisiwa, hatuna pa kuikimbilia. Mnakumbuka, au mmesimuliwa, usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander I ikielekea Pemba, na Julai 18, 2012 ilipozama MV Skagit karibu na Chumbe. Kuogelea peke yake kusingewaokoa wote waliokuwamo, wala sidai hivyo. Lakini ni aibu kisiwa kizima kilee watoto wasioweza kuelea kwa dakika kumi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nina ombi moja kwa wenzangu wa zamani. Kila mwaka tunachanga kwa ajili ya vitabu na madawati, na tuendelee. Mwaka huu tuongeze jaketi okozi na mwalimu wa kuogelea, kwa wavulana na wasichana, ili asitoke mtu Kidato cha Nne hapa bila ya kujua kuelea. Ubao mmoja wa kujifunzia nimeuleta mimi. Uko nje, umeegemezwa ukutani chini ya mwembe. Ni wa skuli. Na mtu wa kwanza atakayewafundisha hesabu ya maji, bamvua na maji mafu, amekubali kuwa mwenzangu wa safu ya pili. Baada ya siku ile hakuikimbia bahari. Alijifunza kuogelea mwaka uliofuata, na amekuwa mvuvi kwa zaidi ya miaka 30.

Wazee wetu wamesema, maji ukiyavulia nguo yaoge. Yavulieni nguo, wanangu, lakini ulizeni kwanza yanajaa au yanakupwa.